Printa na Skana ya Nyumbani kwa Bei Nafuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kutengeneza printa hapa Dar es Salaam, na wanaofika mezani kwangu wengi si watu wa ofisi. Ni wazazi, walimu, wanafunzi wa chuo, na akina mama wenye biashara ndogo za nyumbani. Karibu wote wanaanza na swali moja: "Fundi, ninunue printa gani?" Siwezi kulijibu mpaka nijue mambo mawili. La kwanza, unachapa kurasa ngapi kwa wiki. La pili, wino wa printa unayoitaka unakula shilingi ngapi kwa kila ukurasa. Bei ya kwenye boksi naiangalia baada ya hayo.

Bei zote nitakazozitaja hapa ni za mfano, za kupigia hesabu tu. Weka bei za mtaani kwenu upige upya.

Hivi nahitaji printa kweli, au niendelee kwenda steshenari?

Tupige hesabu. Tuseme steshenari ya mtaani inatoza shilingi 200 kwa ukurasa mweusi. Tuseme umenunua printa ya tanki, ile unayoijaza wino wa chupa, kwa 600,000. Wino wake mweusi unakuja kama shilingi 8 kwa ukurasa, na karatasi shilingi 24 kama rimu ni 12,000. Kila ukurasa unaochapa nyumbani unakuokolea shilingi 168. Ili ile 600,000 irudi, lazima uchape takriban kurasa 3,570.

Anayechapa kurasa 20 kwa wiki atafika huko baada ya karibu miaka mitatu na nusu. Anayechapa kurasa 5 kwa wiki atahitaji zaidi ya miaka 13, na hakuna printa ya nyumbani ninayoitarajia ifike huko ikiwa hai. Huyo wa pili namwambia wazi abaki na steshenari yake.

Hesabu hiyo haijagusa nauli ya bodaboda, mvua, wala saa nne usiku mtoto anapokumbuka kwamba kesho asubuhi kuna kazi ya kupeleka. Wazazi wa Kenya wenye watoto kwenye mtaala wa umilisi wanaijua sana hali hiyo, maana kazi za kuchapa zinafika nyumbani kila mara. Hapa kwetu ni maswali ya likizo yanayotumwa na mwalimu kwenye kundi la WhatsApp, kurasa 30 kwa mkupuo. Kama una watoto wawili au watatu wa shule ya msingi, au unafundisha, au unatoa ankara kila siku, printa inajilipa mapema.

Nimeona printa ya bei rahisi kabisa dukani, inachapa rangi na kuskani. Kwa nini mafundi mnaikataa?

Kwa sababu ya katriji, yaani kisanduku cha wino kinachochomekwa ndani na kutupwa kikiisha. Printa nyingi za bei ya chini kabisa, mfano HP DeskJet ndogo, zinatumia katriji mbili: moja nyeusi na moja ya rangi. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP 123 au HP 305 imekadiriwa na kampuni yenyewe kutoa kurasa kama 120, na ya rangi kurasa 100. Tuseme umenunua nyeusi kwa 45,000. Ugawe kwa 120 unapata shilingi 375 kwa ukurasa, kabla hujaweka karatasi. Hapo unachapa nyumbani kwa bei inayozidi ya steshenari.

Hizo kurasa 120 nazo hupimwa kwa kurasa za mfano za viwango vya ISO, zenye maandishi ya kawaida na picha kiasi. Mtoto akichapa ramani ya Afrika iliyojaa rangi, katriji inaisha mapema zaidi. Pia zile zinazokuja ndani ya boksi la printa mara nyingi hazijajazwa sawa na unazonunua dukani.

Sisemi ni mashine mbovu. Kwa mtu anayetaka hasa skana, na kuchapa barua moja moja, inaweza kumfaa. Ninachokataa ni kuiuza kwa mzazi wa watoto watatu kwa sababu tu boksi lina bei tamu.

Printa za tanki zina tofauti gani, na nichague ipi?

Printa ya tanki haina katriji za kutupa. Ina matangi ubavuni au mbele, na unamimina wino wa chupa. Epson ndiyo iliyoanza kuuza kwa wingi aina hii, ikianzia Indonesia mwaka 2010, na leo Canon na HP nao wanazo.

Nitataja ninazozifungua mara kwa mara. Epson L3110 na mrithi wake L3210 zinachapa, zinakopi na zinaskani, ila kwa waya wa USB tu. L3250 ni ya familia hiyohiyo ikiwa na Wi-Fi. Zote zinatumia wino wa 103 kwa soko letu. Chupa ni mililita 65, na nyeusi imekadiriwa kurasa 4,500. Chupa za kwanza hazitafika idadi hiyo kwa sababu sehemu ya wino inajaza mirija, kwa hiyo usidhani umeibiwa.

Canon G2411 na G3411 zinatumia wino wa GI-490. Chupa nyeusi ni mililita 135 na imekadiriwa kurasa 6,000. G3411 ndiyo yenye Wi-Fi. Upande wa HP ni Smart Tank.

Tofauti ninayoijali mimi kama fundi ni kichwa cha kuchapia, kile kinachorusha wino. Cha Epson kinadumu sana lakini kikifa bei yake inakaribia ya printa, na kukibadilisha ni kazi ya fundi. Vya Canon na Smart Tank huchakaa mapema zaidi, lakini vinachomolewa na kuwekwa vingine bila kufungua mashine nzima. Tofauti nyingine ni wino mweusi. Wa GI-490 ni wa chembechembe, unaovumilia tone la maji. Wa 103 ni wa rangi iliyoyeyuka, na ukurasa ukilowa maandishi yanasambaa. Kama unachapa mikataba, risiti, au vyeti vitakavyobebwa kwenye begi la mgongoni wakati wa masika, jambo hilo lina uzito.

Kwa nyumba ya kawaida yenye wanafunzi, chaguo langu ni tanki. Kati ya Epson na Canon, chukua ile ambayo wino wake halisi unaupata kwa urahisi mji ulipo. Aliye Songea au Kigoma asinunue mashine ambayo chupa yake mpaka iagizwe Kariakoo.

Nikisafiri mwezi mzima wino utakauka?

Unaweza kukauka, na hili ndilo linaloleta printa nyingi kwenye meza yangu. Vitundu vya kichwa ni vyembamba kuliko unywele. Printa ikizimwa vizuri, kichwa kinarudi pembeni na kukalia mfuniko wa mpira unaozuia hewa. Watu wanaobana Luku wanachomoa waya ukutani moja kwa moja, printa ikiwa bado inawaka. Kichwa kinabaki katikati ya njia, wazi, na joto la Dar linafanya kazi yake. Zima kwa kitufe cha printa kwanza, subiri taa izimike kabisa, ndipo uzime soketi.

La pili, chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Picha ndogo tu inatosha. Ukisafiri, mwachie mtu wa nyumbani kazi hiyo.

Ukikuta maandishi yana michirizi, toa kwanza ukurasa wa kukagua vitundu kutoka kwenye menyu ya printa. Utaona vistari vifupi vya rangi nne. Palipokatika ndipo palipoziba. Fanya usafishaji wa kichwa, kagua tena. Ukirudia mara tatu bila nafuu, acha. Izime ipumzike angalau saa 12, wino uliokauka ulainike, kisha jaribu tena. Wengi hapa wanabonyeza kusafisha mara kumi mfululizo. Wanamaliza nusu tanki na kuharakisha tatizo la swali linalofuata.

Printa imegoma, taa zinapepesa, inasema sponji imejaa. Imekufa?

Haijafa. Kila inaposafisha kichwa, wino unaonyonywa lazima uende mahali. Unakwenda kwenye sponji iliyofichwa chini au nyuma ya mashine. Ukiifungua printa iliyotumika sana unakuta vipande vya sponji vilivyokuwa vyeupe vimekuwa vyeusi tii, vizito, na ukivibonyeza vinatoa wino wa rangi zote zilizochanganyika. Printa haiioni sponji yenyewe. Inahesabu tu ni wino kiasi gani imeutuma huko, na hesabu ikifika kikomo inakataa kuchapa. Kwenye Canon utaona namba 1700 ikikuonya, kisha 5B00 ikigoma.

Kuna programu za kurudisha hesabu hiyo sifuri, na mafundi wengi wanaishia hapo kwa sababu ni kazi ya dakika tano. Sponji ikiwa bado imejaa, baada ya miezi utakuta dimbwi jeusi kwenye meza au kwenye kitambaa chako cha mezani. Dai vyote viwili: sponji ibadilishwe au ioshwe na kukaushwa, na hesabu irudishwe. Mwambie fundi akuonyeshe sponji aliyoitoa.

Baadhi ya mashine mpya zimeliondoa tatizo hili. Canon G2420 na G3420, kwa mfano, zina kisanduku cha wino taka, MC-G02, ambacho unakichomoa na kuweka kingine mwenyewe. Mashine mbili zikilingana kwa mengine, chukua yenye kisanduku hicho.

Je, printa ya leza ya nyeusi tupu si bora zaidi?

Kwa mtu wa maandishi matupu anayechapa kwa msimu, ndiyo. Mwanafunzi anayeandika tasnifu anaweza kukaa miezi miwili bila kuchapa, kisha atoe kurasa 200 kwa siku. Leza inamfaa kwa sababu tona ni unga; haukauki. Maandishi yanatoka makali, hayaogopi maji, na mwendo ni wa haraka.

Mashine ndogo kama HP Laser 107a inatumia tona ya 106A yenye makadirio ya kurasa 1,000. M111 inatumia 150A, kurasa 975. Canon LBP6030 inatumia 725, kurasa 1,600. Kwenye HP hizi herufi ya mwisho inakueleza mengi: a ni ya waya tu, w ina Wi-Fi. Tona halisi ni ghali kwa ukurasa kuliko wino wa tanki, lakini zipo mbadala za bei nafuu, na nyingine zinajazwa unga.

Hasara zake: haina rangi, nyingi za bei ndogo hazina skana, na umeme.

Umeme je? Nina sola, na Luku inakwisha haraka.

Printa ya wino inatumia umeme mdogo sana. Epson ya familia niliyoitaja inakula kama wati 12 ikiwa inatoa kopi, karibu sawa na balbu moja ya LED. Mfumo mdogo wa sola wenye inveta unaimudu.

Leza inachoma unga ushike kwenye karatasi, na sehemu hiyo inafika karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Inapoanza kupasha moto inavuta wati mamia kwa ghafla. Inveta ndogo inazima, na UPS ya kompyuta inapiga kelele au inaharibika. Usiichomeke leza kwenye UPS. Iweke moja kwa moja ukutani, kupitia kifaa cha kulinda dhidi ya umeme kupanda na kushuka. Kwa nyumba ya sola, chukua ya wino.

Wino usio wa kampuni unaharibu printa?

Ule mbaya unaharibu, na kwa macho huwezi kuutofautisha na mzuri. Kwenye printa ya tanki nakushauri ubaki na chupa halisi, kwa sababu akiba unayoipata ni ndogo: ukitoka shilingi 8 kwa ukurasa ukaenda 4, umeokoa shilingi 4, na kichwa kikiziba umepoteza laki kadhaa. Kwenye katriji na tona hesabu ni nyingine, pale mbadala inaweza kukuokolea fedha ya maana.

Ila jihadhari na jambo moja. HP wana mfumo unaokagua chipu ya katriji, na sasisho la programu ya printa linaweza kukataa mbadala iliyokuwa ikifanya kazi jana. Septemba 2016 wenye printa za OfficeJet sehemu nyingi duniani waliamka wakakuta katriji zao mbadala zimekataliwa siku moja. Ukinunua HP kwa nia ya kutumia mbadala, zima usasishaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio mapema.

Shangazi yuko Muscat na kaka yuko Marekani. Wote wanataka kuniletea printa. Nikubali ya nani?

Ya shangazi ina mizigo michache. Umeme wa Oman ni volti 240 na plagi zake ni za pini tatu bapa kama zetu. Ya Marekani inategemea. Huko umeme ni volti 120. Geuza mashine usome lebo ya nyuma: ikiandika 100–240V, salama, utabadilisha waya tu. Ikiandika 120V peke yake, ukiichomeka kwenye volti 230 zetu inaungua palepale. Leza za Marekani karibu zote ni za 120V tu, na transfoma ya kuzimudu ni nzito na ghali. Mwambie kaka atume fedha ununue hapa.

Jambo la pili ni wino. HP wanazigawa katriji zao kwa kanda, na printa iliyoanzia kanda moja inaweza kukataa katriji ya kanda nyingine. Epson nao wanatumia namba tofauti kwa soko tofauti. L3250 ya huku inasema 103, ya sehemu za Asia inasema 003.

La tatu, kwa walioko Ulaya na Marekani: HP yenye herufi e mwishoni mwa jina, kama DeskJet 2720e, inauzwa na mpango wa HP+. Ukikubali kuusajili, printa hiyo inataka intaneti wakati wote na katriji halisi za HP maisha yake yote. Kwa nyumba inayonunua bando la siku, hiyo haifai.

Printa ya mtumba inafaa?

Leza, ndiyo. HP LaserJet P1102 iliyotumika bado naiheshimu: tona yake ya 85A ipo kila mahali, na kila fundi anaijua. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji atoe ukurasa wa taarifa za mashine. Mara nyingi utaonyesha kurasa zilizokwisha kuchapwa. Chapa kurasa tano mfululizo usikilize: kelele ya kusaga, au karatasi kutoka imekunjamana, ni dalili za vipuri vya kubadilisha.

Ya wino iliyotumika, hapana. Hujui imekaa muda gani bila kuchapa na sponji imefikia wapi.

Skana ninunue ya peke yake, niridhike na ya kwenye printa, au nitumie simu?

Watu wengi wanaoniambia wanataka printa, nikiwadadisi naona shida yao ni kuskani. Maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, mkopo wa HESLB, huduma za eCitizen kwa walioko Kenya: vyote vinataka faili, si karatasi. Kwa vyeti vichache kwa mwaka, simu inatosha kabisa. Programu ya Google Drive kwenye Android ina sehemu ya kuskani inayotoa PDF moja kwa moja. Kwenye iPhone ipo ndani ya Notes tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Zote ni bure.

Namna ya kupiga ndiyo inayoharibu. Weka cheti mezani karibu na dirisha, mchana, meza iwe na rangi tofauti na karatasi. Simama upande ambao kivuli chako hakiangukii karatasi. Shika simu sawasawa juu yake, usiielekeze kwa mshazari. Zima flashi, kwa sababu inaacha doa jeupe kwenye muhuri, hasa cheti kikiwa ndani ya nailoni. Kitoe kwenye nailoni kama kinatoka.

Programu ngeni za kuskani zichunguze kabla ya kuzipa vyeti vyako. Mwaka 2019 kampuni ya Kaspersky ilikuta msimbo hasidi ndani ya sehemu ya matangazo ya CamScanner kwenye Android, na Google wakaiondoa dukani kwao kwa muda hadi ikasafishwa.

Skana ya kwenye printa ya tatu kwa moja inatosha nyumba nyingi. Ya peke yake, kama Canon CanoScan LiDE 300, inamfaa anayeskani picha za zamani za familia au anayehifadhi nyaraka za ukoo. Ni nyembamba, na inapata umeme kupitia waya wa USB, haina plagi yake. Udhaifu wake ni kwamba inataka kitu kilale bapa juu ya kioo. Kitabu kinene kikiinuka katikati, sehemu hiyo inatoka na ukungu.

Niskani kwa dpi ngapi? Mfumo unakataa faili langu, linasema ni kubwa.

Dpi ni idadi ya nukta kwa kila inchi. Cheti au barua: 300. Picha ya kawaida ya karatasi: 600. Picha ndogo ya zamani unayotaka kuikuza: 1200. Namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi, 2400 au 4800, hutazihitaji kwa karatasi.

Ukurasa wa A4 kwa 300 una nukta 2,480 kwa 3,508. Ukiwa na rangi kamili bila kubanwa ni karibu megabaiti 26. Ukipandisha hadi 600, inazidishwa mara nne. Mtu anachagua 600 akidhani anajitendea wema, kisha anashangaa kwa nini mfumo unamkatalia. Chagua PDF, 300, na kama cheti hakina rangi ya maana chagua kijivu badala ya rangi. Bado kubwa? Shuka hadi 200. Kisha fungua faili, ukuze, usome namba ya cheti. Kama namba na muhuri vinasomeka, limetosha.

Skana yangu ya zamani haionekani kwenye kompyuta mpya.

Mara nyingi draiva yake, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, iliishia kwenye Windows ya zamani na kampuni haikutoa nyingine. Usiitupe. VueScan ni programu ya kulipia inayozifufua skana nyingi za namna hiyo; inakuruhusu kuijaribu kwanza uone kama inaitambua yako. Kwa skana ambayo draiva yake ipo, NAPS2 ni ya bure na ni rahisi kuliko programu nyingi zinazokuja na mashine.

Ya Wi-Fi au ya waya?

Kama nyumbani mnachapa kutoka kwenye simu, Wi-Fi ina thamani yake. Kama kuna kompyuta moja mezani, bana fedha ununue ya waya. Printa nyingi za bei nafuu zinashika mawimbi ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo ruta au hotspot ya simu ikiwa kwenye 5 GHz haitaonekana. Huhitaji bando ili kuchapa. Simu na printa zikiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani inatosha, au tumia Wi-Fi Direct, inayounganisha simu na printa bila ruta.

Karatasi gani?

A4 ya gramu 80. Pima kwa mizani ya dukani kama una shaka: karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo rimu ya karatasi 500 iwe kilo 2 na nusu. Ikipungua sana, ama ni nyepesi ama hazijatimia.

Walioko pwani, Tanga, Mombasa, Unguja: karatasi inavuta unyevu, inajikunja, na ndiyo inayokwama ndani. Rimu iliyofunguliwa irudishe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Usiache karatasi kwenye trei wiki nzima.

Naweza kuchapa picha za pasipoti nyumbani?

Kwa printa ya wino na karatasi ya picha ya kung'aa, ndiyo. Kwenye mipangilio chagua aina hiyo ya karatasi, vinginevyo rangi zinatoka zimefifia na zinachafuka. Usiiweke kamwe karatasi hiyo kwenye leza. Utando wake unayeyuka kwa joto na kugandia ndani, na kuutoa ni gharama.

Kuna ubaya gani kutoa kopi ya kitambulisho steshenari?

Kopi yenyewe haina ubaya. Ninachoogopa ni faili unaloliacha. Umetuma cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp ya dukani, kikapakuliwa kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu, kikabaki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, lakini kompyuta ile haijui sheria. Simama hapo, omba lifutwe mbele yako, na kwenye kapu la taka pia. Ukipeleka flashi, iskani kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuifungua nyumbani. Kwangu mimi, hii ni sababu nzito ya kuwa na skana nyumbani kuliko hata bei ya ukurasa.

Mende wameingia kwenye printa. Nifanyeje?

Wanafuata joto na giza. Izime, uichomoe, uilete kwa fundi. Usipulizie dawa ndani: inagandia kwenye ukanda wa plastiki wenye mistari ambao printa inautumia kujua kichwa kiko wapi, na hapo mashine inaanza kugonga pembeni. Kinga ni kuifunika kwa kitambaa kila baada ya kutumia na kuiweka mbali na jiko.

Nikifika dukani nifanye nini kabla ya kulipa?

Uliza bei ya wino kwanza, na uuone ukiwa rafuni. Soma jina kamili la mashine mpaka herufi ya mwisho. Angalia kama boksi lina waya wa USB, kwa sababu baadhi hayana. Kwenye printa ya tanki hakikisha chupa zote zimo na mihuri yake haijafunguliwa. Omba iwashwe na iskaniwe karatasi moja hapohapo. Sehemu ya kuchapa ya tanki haitajaribiwa dukani maana wino ukishamiminwa haitarudi kuwa mpya, lakini skana na taa zinajaribika. Chukua risiti ya EFD yenye namba ya mashine au uiandikishe nyuma, kwa kuwa dhamana bila risiti utaisumbukia.

Ukishaimimina wino, ibebe ikiwa imelala bapa siku zote. Mkihama nyumba, ipakate mwenyewe kwenye gari, usiipandishe juu ya mizigo.